Ukitundika daluga, msuli unasubiri siku 14 tu

Na Mwandishi Wetu, Kibiti

UKITOKA kusini kuja Dar es Salaam kwa Barabara ya Kilwa, jina la Mkapa utakutana nalo mara mbili. La kwanza ni daraja juu ya Mto Rufiji, lililofunguliwa mwaka 2003 na kuwaondolea watu adha ya kusubiri kivuko. La pili ni uwanja pale Temeke. Kwa kijana anayepiga danadana Ikwiriri, Bungu au Kibiti mjini, ndoto ni moja: kutoka kwenye Mkapa ya kwanza hadi ya pili.

Wachache hufika. Wengi huishia njiani, Mbagala na vitongoji vyake, kwenye bodaboda, kwenye duka la mtu au kwenye lindo la usiku. Mpira wanacheza Jumapili mbili tatu za mwanzo, kisha kazi inabana, daluga zinawekwa chini ya kitanda. Hata waliobahatika kucheza Ligi Kuu, siku inafika nao wanatundika.

Makala haya ni ya hao wote. Hatuzungumzii leo mikataba wala mafao. Tunazungumzia kinachotokea ndani ya paja la mchezaji baada ya filimbi ya mwisho. Huko kuna mchezo unaendelea, na ukifungwa, jina la bao ni kisukari.

Paja ni ghala la sukari

Twende taratibu. Ukila ugali, wali au muhogo, wanga unavunjwa tumboni na kuwa sukari inayoingia kwenye damu. Kongosho linatoa homoni inayoitwa insulini. Kazi ya insulini ni kupita kwenye seli ikibisha hodi: fungueni, sukari imefika.

Nani anafungua zaidi? Sio ini, sio tumbo. Ni misuli. Wataalamu waliopima kwa kumwekea mtu insulini na sukari kwenye mshipa walikuta kiasi cha asilimia 80 ya sukari inayosukumwa na insulini inaishia kwenye misuli ya mwili. Ndiyo maana mapaja, makalio na mgongo ni ghala kubwa kuliko unavyodhani.

Sukari haiingii kwa kupenya ukuta. Ipo protini maalumu, jina lake GLUT4, ambayo ni kama mlango unaotembea. Mtu akiwa ametulia, milango hiyo imejificha ndani ya seli. Insulini ikibisha hodi, milango inasogea hadi ukutani na sukari inapita.

Sasa sikia raha ya mpira. Msuli unaofanya kazi unaweza kuisogeza milango hiyo hata bila insulini. Winga anapokimbia na mpira pembeni, kila anapokanyaga anafungua milango mwenyewe. Mchezaji wa kiwango cha juu hukimbia kilomita 10 hadi 12 katika dakika 90, na akiba ya sukari iliyolala kwenye misuli, inayoitwa glaikojeni, inapungua sana. Ndiyo maana dakika za lala salama miguu inakuwa mizito. Baada ya mechi msuli una njaa, na kwa siku moja hadi mbili hivi unaendelea kuisikia insulini haraka kuliko kawaida.

Mtu asiyefanya kazi ya mwili ghala lake limejaa muda wote. Insulini inabisha, mlango unafunguka kwa uvivu. Hali hiyo inaitwa usugu wa insulini. Kongosho linajibu kwa kuongeza insulini, kama timu iliyofungwa inayoingiza washambuliaji watano. Inasaidia kwa muda, miaka hata. Kongosho likichoka, sukari inabaki kwenye damu, na hapo unaambiwa una kisukari cha aina ya pili.

Mwamuzi wa akiba ndani ya seli

Swali linalofuata ni hili: nani anauambia msuli uwe na milango mingi au michache? Hapa inaingia hadithi iliyowapa Wamarekani wawili, Victor Ambros na Gary Ruvkun, Tuzo ya Nobel mwaka 2024. Mwaka 1993, kwa kuchunguza mnyoo mdogo wa urefu wa milimita moja, walieleza kipande kifupi cha RNA ambacho hakitengenezi protini yoyote. Kazi yake ilikuwa kuzuia wengine.

Tuiweke kisoka. DNA ni daftari la usajili la klabu. Linakaa ofisini, halitoki. Seli ikitaka kutengeneza protini fulani, tuseme ule mlango wa sukari, inanakili ukurasa mmoja na kuupeleka kiwandani. Nakala hiyo ni RNA ya ujumbe. Ichukulie kama karatasi ya kikosi cha leo.

Lakini chini ya asilimia 2 ya DNA yetu ndiyo inayobeba maelekezo ya kutengeneza protini. Sehemu kubwa ya iliyobaki nayo inanakiliwa kuwa RNA, ila RNA hizo hazichezi namba yoyote uwanjani. Zinaitwa RNA zisizounda protini. Zamani zilionekana kama watu wa kujaza benchi. Kumbe baadhi yao ndio wanaoamua nani aingie na nani abaki.

Zipo fupi kabisa, zenye herufi kama 22, zinazoitwa mikroRNA. Hizi hujibandika juu ya karatasi ya kikosi isisomeke. Jina lako limo, umepasha misuli moto, jezi umevaa, umesimama kwenye mstari. Mwamuzi wa akiba hainui kibao. Huingii.

Misuli ina mikroRNA zake, zinazojulikana zaidi zikiwa miR-1, miR-133 na miR-206. Mwaka 2009 watafiti wa Japan walionyesha kwenye seli za moyo wa panya kwamba miR-133 ikizidishwa, milango ya sukari inapungua na seli inapokea sukari kidogo. Mwaka uliofuata, wenzao waliopima misuli ya watu wenye kisukari cha aina ya pili walikuta mikroRNA nyingi zimebadilika viwango, na miR-133a ilikuwa chini, sio juu. Maana yake hapa hakuna adui mmoja wa kumkaba. Ni timu nzima imepoteza mpangilio.

Zipo pia RNA ndefu zisizounda protini. Moja inaitwa H19, nayo anayefuatilia soka atamwelewa haraka: ni kiungo mkabaji. Kazi yake mojawapo ni kumkamata mikroRNA anayeitwa let-7 asizurure. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, waliripoti kwamba kwenye misuli ya watu wenye kisukari cha aina ya pili H19 imepungua. Kiungo mkabaji akitolewa, let-7 anabaki huru, anakwenda kuzuia utengenezaji wa kipokezi cha insulini. Insulini inabisha hodi kwenye nyumba ambayo kengele imeng'olewa.

Mtu asije akakuuzia kidonge wala kinywaji kwa jina la haya. Hospitali haikupimi H19 ili ikuambie una kisukari, wala hakuna dawa ya duka la dawa inayomrudisha huyo kiungo wako uwanjani. Kilichothibitika kuvigusa vitu hivi kwa mtu wa kawaida ni mazoezi.

Wiki mbili za Copenhagen

Denmark waliwachukua vijana wa kiume wachache wenye afya, wakawafanyisha mazoezi ya baiskeli kwa wiki 12. Walichukua vipande vidogo vya msuli wa paja kabla na baada. Matokeo yalitolewa mwaka 2010: mikroRNA 4 za misuli, miR-1, miR-133a, miR-133b na miR-206, zilikuwa zimeshuka wakati msuli umepumzika. Benchi lilikuwa limepangwa upya.

Kisha vijana wakaacha mazoezi. Siku 14 baadaye walipopimwa tena, viwango vilikuwa vimerudi pale pale vilipokuwa kabla ya kuanza. Wiki 12 za kujenga, wiki mbili za kurudi.

Jiji hilo hilo, watafiti wengine walifanya jaribio linalomgusa kila aliyewahi kukaa nje kwa majeraha. Vijana 10 wenye afya waliokuwa wakitembea hatua kama 10,500 kwa siku waliombwa wapunguze hadi kama 1,300. Hawakulazwa kitandani. Walipanda lifti badala ya ngazi, wakapanda gari badala ya kutembea. Baada ya wiki mbili, uwezo wa mwili wao kuitikia insulini ulikuwa umeshuka kwa asilimia 17, na pumzi ya mazoezi nayo ilikuwa imepungua.

Hawa hawakuwa wazee wala wagonjwa. Walikuwa na umri wa mchezaji wa kikosi cha kwanza. Msuli haukuuliza walikuwa na rekodi gani. Uliangalia wamefanya nini wiki hizo mbili.

Usikate tamaa kwa sababu ya mapumziko ya mwisho wa msimu, hayakupi kisukari. Mwili wa kijana ukirudishwa mazoezini unarudi. Tatizo ni zile wiki mbili zikiwa miezi miwili, zikiwa miaka kumi, huku sahani ikibaki ile ile ya mchezaji.

Kutoka delta hadi mjini

Sasa turudi Kibiti, kwa sababu huku habari hii ina uzito wake. Kata za delta kama Salale, Mbuchi, Msala, Maparoni na Kiongoroni ziko kwenye matawi ya Rufiji yanayoingia Bahari ya Hindi, ndani ya msitu mkubwa wa mikoko kuliko yote nchini. Huko barabara ni maji. Kijana anakua anapiga kasia, anasukuma mtumbwi kwa pondo, anavua kamba, anabeba boriti, analima mpunga kwenye tope linalomfika magotini. Usiku anapanda kwenye dungu kulinda shamba dhidi ya nguruwe na alfajiri anafukuza ndege. Jioni maji yakikupwa, mpira unachezwa.

Kijana huyo hajawahi kuingia ukumbi wa mazoezi na hahitaji. Mapaja, mgongo na mabega vinafanya kazi kutwa. Ghala lake linatolewa mzigo kila siku.

Halafu anahama. Kuhama si jambo geni huku; mradi wa kufuatilia afya za kaya ulioanza Rufiji mwaka 1998, ambao uko chini ya Taasisi ya Afya Ifakara na uliogusa kata za Bungu, Mchukwi na Kibiti, uliandika waliohama kama ulivyoandika waliozaliwa na waliofariki. Aliyehama hubadilisha mwajiri, na bila kujua hubadilisha pia kazi ya misuli yake.

Kuna utafiti wa hapa hapa nchini uliowafuata watu wa namna hiyo. Wataalamu waliwachukua wanaume na wanawake zaidi ya 200 waliokuwa wanahama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka na kuendelea kuwapima wakiwa mjini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2010. Kijijini, wanaume 79 katika kila 100 walikuwa wakifanya kazi za nguvu. Mwaka mmoja baada ya kuhamia Dar, walibaki kama 26. Kwa wanawake ilishuka kutoka 38 hadi 16. Ndani ya mwaka huo huo, uzito wa wanaume na wa wanawake uliongezeka kwa wastani wa zaidi ya kilo 2.

Morogoro na Rufiji ni maeneo tofauti, lakini safari ni ile ile. Weka hapo winga wa Kibiti. Asubuhi chapati na chai ya sukari, kutwa amekaa juu ya pikipiki, mchana chipsi mayai na soda. Soda ya mililita 350 ina sukari kama gramu 35, karibu vijiko tisa vya chai. Usiku anaingia kibanda umiza kutazama mechi mbili mfululizo, amekaa. Anaujua mpira kuliko zamani, anautazama kuliko zamani, ila yeye mwenyewe hajagusa mpira tangu mfungo uliopita.

Namba za nyumbani

Miaka ya 1980 wataalamu walipima watu zaidi ya 6,000 wenye umri wa miaka 15 na kuendelea katika vijiji sita vya Tanzania. Waliokutwa na kisukari hawakufika hata mtu mmoja katika kila 100; ilikuwa asilimia 0.87. Mwaka 2012, upimaji wa kitaifa kwa watu wa miaka 25 hadi 64 ulikuta asilimia 9.1.

Umri na maeneo ya waliopimwa hayakuwa sawa, kwa hiyo usizilinganishe namba hizo bao kwa bao. Lakini mwelekeo wa mechi unaonekana. Ugonjwa uliokuwa unasimuliwa kama wa wakubwa wa mjini sasa uko kwenye kijiwe chako.

Na hauji na kelele. Usugu wa insulini hauumi. Mtu anaweza kutembea nao miaka mingi, akacheza hata bonanza la maveterani, akijisifu kwamba yuko fiti. Akija kushtuka ni kidonda cha mguu kisichopona, macho kufifia au figo kulegea. Kwa mtu aliyeishi kwa miguu yake, kupoteza mguu kwa kidonda kilichoanzia kwenye msumari wa daluga ni hukumu nzito.

Hapa tutenganishe jambo moja. Kuna kisukari cha aina ya kwanza, ambapo kongosho linashindwa kutoa insulini, na chanzo chake si kitambi wala uvivu. Gary Mabbutt aliishi nacho akawa nahodha wa Tottenham iliyobeba Kombe la FA mwaka 1991. Nacho Fernández aligundulika nacho akiwa mtoto, na mwaka 2024 alikuwa nahodha Real Madrid ilipoifunga Borussia Dortmund 2-0 fainali ya Ligi ya Mabingwa pale Wembley. Kwa hiyo neno kisukari halimtoi mtu uwanjani. Kinachomtoa ni kutojua.

Rudi uwanjani, lakini kwa mpango

Habari njema ni kwamba dawa mojawapo unaipenda tayari. Denmark waliwakusanya wanaume wa makamo wenye kisukari cha aina ya pili, wakawachezesha mpira wa timu ndogo saa moja, mara mbili kwa wiki, kwa wiki 24. Pumzi iliongezeka, shinikizo la damu likashuka, mafuta mwilini yakapungua. Hakukuwa na mashine za bei mbaya. Mpira, goli ndogo na watu wa rika moja.

Mpira unafaa kwa sababu haukupi nafasi ya kutembea mwendo mmoja. Unakimbia, unasimama, unageuka, unaruka. Misuli mikubwa yote inaitwa kazini.

Kwa aliyetundika daluga na anataka kurudi, mambo ni haya. Kwanza, pima. Nenda kituo cha afya asubuhi kabla ya kula, upimwe sukari na shinikizo la damu. Sukari ya asubuhi ikifika 7.0 au zaidi kwa vipimo viwili vya siku tofauti, hicho ni kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni kadi ya njano, na hapo ndipo mazoezi na chakula vinaweza kubadilisha matokeo kabla ya mambo kuharibika.

Pili, usiingie kwa pupa. Mtu wa miaka 45 ambaye hajakimbia miaka kumi haanzi na mechi ya dakika 90 juani. Anaanza na kutembea haraka, mchakamchaka mwepesi, halafu mpira wa nusu uwanja. Maumivu ya kifua au kizunguzungu ni sababu ya kutoka, sio ya kujikaza.

Tatu, usipitishe siku mbili mfululizo bila kuutumia mwili. Kumbuka, njaa ya msuli baada ya mazoezi haidumu wiki. Bonanza moja la Jumamosi halilipi deni la siku sita za kukaa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwenda kazini nako kunahesabiwa.

Nne, aliyekwisha kuanza dawa za kisukari aongee na daktari kabla ya kurudi mchezoni, kwa sababu anayetumia insulini au baadhi ya vidonge sukari yake inaweza kushuka ghafla katikati ya mechi. Abebe kitu kitamu mfukoni, na wenzake wajue. Akivua daluga akague miguu yake, vidole na nyayo, kila mara.

Viongozi wa klabu za mitaani na timu za maveterani nao wana kazi. Kila bonanza lina meza ya jezi, meza ya muziki na meza ya nyama choma. Ongezeni meza moja ya kupima sukari na shinikizo la damu. Waombeni wahudumu wa kituo cha jirani mapema. Na timu kubwa zinapomwacha mchezaji mwishoni mwa msimu, pamoja na barua ya asante, zimpe ratiba ya mazoezi ya miezi ya kwanza. Amekulia kwenye kasia na tope la mpunga, akakimbia kilomita kumi kila wiki kwa ajili ya nembo yenu. Msuli wake utaanza kubadilika kabla hata jina la mrithi wake halijatangazwa.

Wewe uliye Mbagala, ukitoka Bungu, Salale au Kibiti mjini, daluga zako bado ziko chini ya kitanda. Kama hazikutoshi tena, raba zinatosha.